Pikipiki Yenye Lijamu

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mgongo wako vipi? Na wifi yangu, bado anakohoa? Mwambie aache vitu vya baridi, ingawa najua hasikii, na kiziwi niitwe mimi. Huku tu wazima. Masikio ndiyo hivyo hivyo. Juzi jogoo wa jirani kapanda dirishani kuwika, mimi nikaona mdomo tu unafunguka, nikadhani ana kiu. Zile mashine za kufuma zilinilipa mshahara kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine zikachukua masikio.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu ni binti yangu Chiriku anayenitengenezea kila akija, na akiishika anasoma mpaka ujumbe wa mwaka juzi. Haya si ya kusomwa na yeye. Mwanangu anataka pikipiki. Tena si pikipiki ya watu, ni ya spoti, ile ambayo mtu anailalia kifudifudi kama anatafuta kiatu chini ya kitanda.

Wameshampa kazi ya kudumu pale duka la miwani. Anakata vioo, na bosi wake anasema hajaona mkono uliotulia kama wake. Mimi nikafikiri, haya, sasa atanunua kitanda, atanunua kabati. Ananiambia pikipiki! Hajawahi kuendesha hata ya kupelekea maziwa. Ni baiskeli tu, na baiskeli yenyewe alijifunza kwa kuanguka.

Anakuja yadini kwako Jumamosi umchagulie iliyotumika. Mwambie zote mbovu. Mwambie zimekwisha. Mwambie umeacha kazi. Wewe ni mjomba wake, na mjomba ana neno. Mimi nikisema sana ananigeuzia uso nisimsome midomo, basi mazungumzo yamekwisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wa huyu nimebaki peke yangu.

Dada yako

Jumatatu, 11 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole kwa jogoo. Mgongo unauma nikiinama na unauma nikisimama, kwa hiyo nimeacha kuuliza. Wifi yako anakukumbuka, anakohoa, anakunywa baridi.

Chiriku alikuja. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mjomba, najua mama amekuandikia uniambie zote mbovu." Sasa ningefanyaje? Nilicheka, na nikicheka nimeshashindwa.

Nikamzungusha yadi nzima. Nikamwambia mwanangu, pikipiki iliyotumika usimuulize muuzaji, iulize yenyewe. Shika injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, mwenye nayo ameiamsha mapema kuficha ubovu wa kuwaka. Tazama ncha za usukani, ncha ya mkono wa breki, ncha za vikanyagio. Pikipiki ikianguka hukwaruzika hapo kwanza. Plastiki za ubavu mmoja zikiwa mpya na za ubavu wa pili zimefifia, jiulize ile mpya inaficha nini. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele, kikitoka na oili, weka kiti chini uanze kuuliza. Alikuwa anasikiliza, Dada. Alichutama, akapitisha vidole kila mahali, akaona ufa kwenye kioo cha taa ambao mimi mwenyewe sikuuona.

Nikampeleka kwenye moja ndogo, injini ya cc mia mbili hamsini, silinda moja. Nyepesi, ikikuangukia unainua mwenyewe, ukikosea inakusamehe. Akaipanda, akashuka. "Mjomba, hii ina mlio wa cherehani. Nitaichoka kabla tairi halijaisha." Wote husema hivyo. Wengine nilikwenda kuwazika.

Anataka mia sita, ya buluu, silinda nne. Na yenyewe ni nzima, sitakudanganya. Haijaanguka, mwenye nayo alikuwa mzee mmoja mpole aliyekuwa anaiosha zaidi ya kuiendesha. Lakini ile si ya kujifunzia. Ukiizungusha mafuta kidogo zaidi ya unavyotaka, inakwenda bila wewe.

Nikakataa. Akatoa simu akanionyesha picha ya nyekundu kwa Mzee Rangi. Huyo ni jirani yangu wa biashara, ananunua zilizogongana, anaunga mbili zinakuwa moja, anapaka rangi, anauza. Chiriku ameshajaribu kuikalia. Nikimnyima ya buluu atakwenda kuchukua ile, na ile fremu yake naijua, imeunganishwa kwa moto. Kuna ile methali ya mtoto kulilia wembe. Sitaki kuimalizia. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

Ijumaa, 15 Machi

Mdogo wangu,

Sijambo, wala usiniulize zaidi, nimekasirika. Nilikutuma ukatae, wewe umemfundisha kuchagua! Na hiyo methali yako ya wembe, aliyeitunga hakuwa na mtoto.

Nimekaa siku nzima nikifikiri. Sasa nisikilize. Unakumbuka nilivyokuhadithia ya kiwandani, msichana mpya akiletwa kwenye mashine? Msimamizi alikuwa anapiga kigingi cha mti chini ya ule mkono wa mwendo, usishuke mpaka chini. Msichana anavuta mpaka anapoweza, anadhani ndiyo kasi yote, kumbe mashine inatembea nusu. Wala haambiwi. Ukimwambia kuna kigingi, siku ya pili anakichomoa ili aonekane hodari, na kidole chake tunakiokota kwenye nyuzi. Hata mimi nilipigiwa kigingi nisijue, na vidole vyangu vyote ninavyo. Mkono ukishazoea, msimamizi anakitoa, anasimama ubavuni mwako siku hiyo mpaka jioni.

Hiyo pikipiki haina mahali pa kupiga kigingi? Hata farasi hutiwa lijamu. Kama inawezekana, mpe ya buluu, uifunge, na usimwambie. Nasema tena, usimwambie. Unamjua mwenyewe.

Mfikishie wifi yangu salamu, na ndimu hizi nilizompa kondakta ni za kikohozi, si za kutia kwenye maji ya barafu.

Dada yako

Jumanne, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ndimu zimefika, zimetiwa kwenye maji ya barafu. Mimi nimo tu.

Nimeifunga. Pale mkono wa mafuta unapovuta waya, kuna mahali unapogota. Nimeweka skrubu ndefu hapo, nikaipaka ile gundi yangu nyekundu isilegee. Sasa ukizungusha mpaka mwisho, injini inapata chini ya nusu ya mafuta yake. Chiriku amekabidhiwa, amelipa, amenikumbatia mbele ya wateja. "Mjomba, wewe ndiye mwanamume pekee mwenye akili katika ukoo huu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Sikupenda, nakwambia kabisa. Nimefunga pikipiki za wanafunzi mara nyingi, lakini mwenyewe anajua, tunaifungua pamoja siku akiwa tayari. Hii ya kuficha ni ya kwanza. Ila nikimfikiria kwenye ile nyekundu ya Mzee Rangi, mkono unakuwa mwepesi. Nimejiambia ni ya muda.

Kila Jumapili namfundisha kwenye uwanja wa ghala lile lililofungwa. Anaachia klachi vizuri. Nimemwambia breki ya mbele ni ya vidole viwili, si ya kukaba koo. Nimemwambia macho yaende unakotaka kwenda, maana pikipiki hufuata macho. Aliiangusha mara moja akiwa amesimama, akainuka anacheka, akaipangusa pikipiki kabla ya kujipangusa mwenyewe. Ana mkono mzuri, Dada, bosi wake hakusema uongo.

Lakini juzi aliizungusha mafuta mpaka mwisho katikati ya uwanja, akazunguka akaja kwangu, akavua helmeti. "Watu mnatisha watu bure. Mnyama mwenyewe mpole hivi!" Nikatabasamu. Usiku mzima nilikuwa nawaza hilo tabasamu.

Mdogo wako

Jumapili, 28 Aprili

Mdogo wangu kipenzi,

Uhali gani? Mimi leo ni mzima kuliko siku zote. Umeshasamehewa, hata yale ya methali.

Chiriku alikuja na pikipiki! Njia yote, peke yake. Watoto wa mtaa walitoka, mama wa duka akatoka na unga mikononi, mimi nikawa wa mwisho kujua kama kawaida. Akanivuta nje, akaniwekea kiganja kwenye tanki, akaiwasha. Nilisikia. Nasema nilisikia! Ilinipanda kwenye mkono mpaka kifuani, mlio mzima mzima, kama zamani nilivyokuwa nausikia mlango wa kiwanda ukifunguliwa asubuhi. Nililia pale pale barabarani, sina haya.

Kisha akanipandisha nyuma. Mtu mzima na heshima zangu, nimemkumbatia mwanangu kiuno kama mchumba, mama wa duka anapiga makofi. Alikwenda taratibu, akapunguza kwenye mashimo, akanigeukia kila mara kunitazama kama niko salama mpaka nikampiga begani atazame mbele. Niliposhuka akaniuliza, "Mama, umeona nilivyoiweza?" Nikasema nimeona.

Hapo tu ndipo moyo uliponiuma kidogo. Lakini nimefurahi, acha nifurahi. Kigingi kimefanya kazi yake.

Dada yako

Jumapili, 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Huku tunaugulia mgongo na mvua.

Ngoja niseme moja kwa moja. Lazima tumwambie. Kile kinachokufurahisha wewe ndicho kinachonitisha mimi. Chiriku sasa hazungushi mafuta kidogo kidogo kama nilivyomfundisha. Anazungusha yote, mara moja, mpaka mwisho, kwa sababu ameona akizungusha yote inakwenda tu vizuri. Anaondoka kwenye taa hivyo. Anapanda kilima hivyo. Mkono wake umeshajifunza kwamba mwisho si hatari, na sisi ndio tuliomfundisha. Siku skrubu ile ikitoka, iwe kwa kulegea au kwa mtu kuitoa, akizungusha vile alivyozoea itainua gurudumu la mbele kabla hajajua kumetokea nini.

Tena kuna jingine. Amepata wenzake wa kuendesha nao Jumapili, na kwenye kilima wanampita hata wenye pikipiki ndogo. Wanamcheka. Alikuja kwangu amevimba. "Mjomba, mia sita gani hii inapitwa na mia mbili? Itazame." Nikainama nikajifanya natazama. Nikamwambia ni mafuta machafu. Dada, nimemdanganya huku ananishikia tochi.

Kiwandani msimamizi alikuwa anasimama ubavuni siku ya kutoa kigingi. Nataka nisimame ubavuni. Nipe ruhusa nimwambie Jumamosi hii, tuitoe pamoja, aanze upya kujifunza mkono. Atakasirika wiki, mwezi, akae akasirike. Nijibu haraka.

Mdogo wako

Ijumaa, 17 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na nakuomba.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sikatai unachosema. Lakini tazama nje. Barabara zote tope na oili, malori yanateleza yenyewe. Ukimwambia Jumamosi hii, unadhani atakaa kuanza upya? Ataitoa skrubu hiyo asubuhi, na mchana atakuwa kwenye kilima anawaonyesha wale wenzake waliomcheka. Katika mvua hii! Wewe utasimama ubavuni mwa nani?

Mvua ziishe kwanza. Barabara ikikauka mwambie, mtoe pamoja, umfundishe uwanjani kama mwanzo. Mwambie lilikuwa wazo langu, mimi nitapokea hasira zote. Nimekulea tangu unabebwa, sijawahi kukuomba kitu kwa mikono miwili. Sasa naomba. Subiri mvua.

Dada yako

Jumatatu, 3 Juni

Dada,

Karatasi hii nampa kondakta mkononi akuletee mpaka mlangoni. Panda basi hili hili linalorudi. Chiriku yuko hospitali. Yuko hai. Njoo na nguo zake za kubadilisha.

Mdogo wako

Jumapili, 8 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mlifika salama? Alivumilia basi? Mkono ule mlimwekea mto? Sikuweza kuwasindikiza mpaka kituoni, na sababu unaijua. Siku zote zile wodini tulikaa mimi upande huu wa kitanda na wewe upande ule, na hatukutazamana.

Nakuandikia habari ya Fundi Kipara, kwa kuwa hospitalini hukutaka nikueleze. Ni yule mwenye gereji mkabala na ghala la matairi. Wale wenzake Chiriku walimwambia mjomba wako kazeeka, mpelekee Kipara. Akampelekea. Kipara akafungua plastiki, akakuta skrubu, akaona ni ujinga wa mwenye pikipiki wa zamani. Akaitoa, akafunga, akamwambia, "Dada, sasa itavuta." Hakumwambia ametoa nini, kwa sababu kwake kilikuwa kitu kidogo. Chiriku akashukuru, akavaa helmeti, akatoka langoni na kuzungusha mafuta kama anavyozungusha siku zote. Ukuta wa ghala uko ng'ambo ya barabara tu. Kipara alikuwa bado anafuta mikono.

Sasa huku watu wote wanasema Kipara ndiye aliyeharibu pikipiki ya msichana. Hakuna anayempelekea hata pampu ya baiskeli. Polisi walipokuja yadini kuniuliza, nilisema pikipiki ilitoka kwangu ikiwa nzima. Sikuongeza neno. Kila asubuhi nikipita pale namwona amekaa kwenye kiti chake, hana kazi, ananipungia mkono na kuniuliza, "Mpwa wako anaendeleaje?"

Dada, mimi siwezi. Acha tumwambie Chiriku, kisha nimsafishe Kipara.

Mdogo wako

Jumapili, 15 Septemba

Mdogo wangu,

Hatujambo kwa kadiri ya kutojambo. Mifupa imeunga. Mkono wa kulia ndio huo, umekufa kuanzia begani mpaka vidoleni. Upo, lakini haupo. Daktari kasema mishipa iling'oka na hakuna cha kushona. Usiku unamwunguza kama umetiwa motoni, mkono usiosikia hata ukiufinya. Hilo sikuwahi kujua kama linawezekana. Duka la miwani wametuma barua nzuri sana ya kumuaga kazini.

Namwogesha, namvalisha, namkatia chakula vipande. Mwanamke mzima. Na wewe unataka nimwambie kwamba ni mimi.

Unajua anachosema? Karibu kila siku, nikiwa namfunga nguo, ananitazama usoni na kusema, "Mama, ni mkono huu wa kizembe ulioniponza. Uliniponza na umeshaadhibiwa." Ananisubiri. Mimi nasema shukuru uko hai, halafu nainuka kwenda kuchemsha chai. Nimechemsha chai nyingi sana tangu turudi. Nakunywa mwenyewe, yeye hataki.

Nisikilize. Akijilaumu anaumia, najua. Lakini akijua, ataondoka, na hana pa kwenda na mkono mmoja. Hebu fikiri. Kipara ni mwanamume mzima, atatafuta kazi nyingine. Wewe nyamaza. Maji yameshamwagika, usinitume niyazoe.

Dada yako

Jumapili, 29 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nakupenda, na wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo nasema hivi nikiwa nimepiga magoti.

Nitakuja Jumamosi, tarehe kumi na mbili. Nitamwambia Chiriku mimi mwenyewe, na nitamwambia skrubu niliiweka mimi, kwa mikono yangu. Ya kwako utajisemea. Sitaki anisikie mimi kwanza halafu akugeukie wewe akute ulikuwa unajua. Mwambie kabla sijafika. Nimekupa muda, utumie.

Mwezi wa tano nilikuomba ruhusa ukaninyima, nikakubali kwa sababu mimi ni mdogo wako. Nilikosea kukubali. Safari hii siombi. Mtoto anaulaani mkono wake mwenyewe, mkono ambao haukukosea hata siku moja. Ulifanya vile vile tulivyoufundisha.

Mdogo wako

Jumatano, 9 Oktoba

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, utanisamehe.

Nimemwambia. Jana asubuhi, nikimfunga vifungo vya blauzi, alisema tena maneno yake ya mkono wa kizembe. Nikaacha vifungo nikasema yote. Kigingi cha kiwandani, barua, skrubu, mvua. Nilisema kwa sauti kubwa nadhani, maana mama wa duka alisimama mlangoni kwake kutazama huku.

Chiriku alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanishika kidevu kwa mkono wake wa kushoto, akanigeuza nimtazame, akasema taratibu, midomo wazi, nisikose hata neno, "Najua, mama."

Anajua tangu hospitali. Kipara alikwenda kumwona siku mimi nimetoka kufua, akakaa kitandani akalia, akamweleza alichokitoa. Akamwambia ilikuwa imepakwa gundi nyekundu. Chiriku akasema, "Nani mwingine hupaka gundi nyekundu kila kitu mpaka miguu ya meza? Lakini mjomba hawezi kuficha kitu, angeniambia siku ya pili. Nikajua kuna mtu aliyemzuia, na mjomba anamwogopa mtu mmoja tu duniani."

Nikamuuliza, sasa mwanangu, kama ulijua, mbona kila siku unaulaumu mkono wako mbele yangu? Mbona unanichoma hivyo? Akasema, "Nilikuwa nakupa nafasi. Kila nikisema vile nakutazama, nasema leo atasema. Wewe unakwenda kuchemsha chai."

Mdogo wangu, sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na maneno yale, na baba yetu unamkumbuka alivyokuwa.

Akaniuliza jambo moja tu. "Leo umeamua mwenyewe, au mjomba anakuja?" Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Nikaumeza. Nikamwambia unakuja Jumamosi. Akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu akapata jibu alilolitegemea. Hakulia. Laiti angelia. Akaniomba nimalizie vifungo.

Anaondoka kesho. Mwenzake mmoja wa duka la miwani ana chumba, na gari linakuja asubuhi. Nilimwambia, mwanangu, nani atakuogesha? Akasema atajifunza. Amesema usije, kwa sasa hataki kutuona, si wewe wala mimi. Kitu kimoja tu anakitaka kwetu, tumsafishe Fundi Kipara mbele ya watu na mbele ya polisi. Basi Jumamosi usipande basi kuja huku. Nenda kwa Kipara, mimi nitakuja Jumatatu tuongozane kituoni, na nitasema lilikuwa wazo langu.

Nilitaka kumsaidia kufungasha, amekataa. Yumo chumbani anafungasha kwa mkono mmoja na mlango ameufunga. Nimemfulia nguo zote, nimezipiga pasi, nimeziweka kwenye kiti nje ya mlango wake. Chakula cha mchana nimekiweka hapo hapo, kimepoa. Nakuandikia nikiwa nimekaa mbele ya mlango huo, naandika mstari mmoja nainua macho, maana akiufungua sitasikia.

Dada yako